Sufuria ya Nailoni

Mzee Owuor tulimzika Jumamosi, kwao karibu na ziwa, na Jumapili asubuhi, kabla sijaanza safari ya kurudi Kericho, binti yake Akinyi akaniletea sufuria. Aliileta imefungwa kwa leso kuukuu, akaiweka miguuni pangu bila hotuba. Alisema baba yake aliitaja mara mbili akiwa wodini, kwamba vyombo vingine wagawane watakavyo, ila hiyo ni ya Chelangat, yaani mimi. Akina mama waliokuwa wakiosha vyombo vya matanga walitazamana, maana hakuna aliyeelewa kwa nini mgeni wa Kikipsigis atoke mbali hivyo arithishwe sufuria. Ilikuwa kubwa, ya alumini, haina mfuniko, nje nyeusi tititi, ndani ina miviringo myeupe ya chumvi ya maji. Haijawahi kuivisha chakula cha mtu yeyote. Nilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale. Niliipakata njia nzima, nikalia kuanzia pale tambarare inapoishia hadi majani chai yalipoanza kuonekana, na dereva kwa heshima yake akaongeza sauti ya redio.

Mimi ni mkereza. Nina miaka hamsini na moja na karakana yangu ipo Kericho, ukingoni mwa mji, yenye mashine mbili za CNC, zinazokata zenyewe kwa kufuata programu, ambazo mjini hapa watu wameshazoea kuziita kompyuta. Ukiniletea mchoro, au hata kile kilichovunjika ukiwa umekifunga kwenye gazeti, nitakukerezea kingine cha chuma, cha shaba au cha plastiki, kitakachoingia mahali pake bila kupigwa nyundo. Wateja wangu ni viwanda vya chai, watu wa mashine za kusaga mahindi kutoka Chepseon, wenye matrekta ya ngano kutoka Mulot, na siku hizi hata hospitali. Ya kuzaliwa kwangu nitayaruka, kwa sababu hayana tofauti kubwa na ya msichana yeyote aliyekulia kati ya ng'ombe na chai upande wa Bomet. Ulionifanya nikawa huyu niliye ni mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilikuwa mjinga mwenye kiburi. Nalisema mapema ili nisije nikajipamba mbele ya safari.

Mwaka ule ndipo Bwana Kirui, aliyekuwa na karakana kubwa kuliko zote tulizozijua, alinunua mashine ya kwanza ya CNC, iliyokwisha kutumika mahali pengine. Ilifika juu ya lori siku ya mvua ya mawe, imefungwa turubai, na wanaume wote wa karakana walitoka kuishusha huku barafu ikiwagonga vichwani. Mimi nilisimama mlangoni na cheti changu cha chuo cha ufundi ndani ya bahasha, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwa mahojiano na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunihoji. Mwishowe Bwana Kirui aliniita ofisini, akiwa bado amelowa, akanionyesha kitabu cha maelekezo akaniuliza kama naelewa. Nikamwambia naelewa. Hapo nilisema kweli, maana chuoni tulikuwa na mashine kama ile na nilikuwa sitoki kwenye chumba chake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa, na ahadi akizitoa huzitoa kama anayekata ubao.

"Nakupa mwaka mmoja," alisema. "Ukimaliza mwaka bila kutuaibisha kwa wateja, hiyo mashine ni yako, hakuna mtu atakutoa hapo mpaka ukatae mwenyewe. Ukituaibisha, naleta mtu wa Nairobi na wewe utatafuta kwingine."

Nilitoka pale nikiwa na mwaka mmoja mkononi, na sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka mashine ile. Nilipanga chumba nyuma ya soko, chumba cha mbao ambacho kitanda kiliingia kwanza na vitu vingine vikajipenyeza. Ukutani nilibandika ukurasa wenye alama za programu, mahali ambapo wasichana wenzangu walibandika wanamuziki. Jirani yangu alikuwa mama anayechuma chai, na kila jioni nilimsikia kupitia mbao akimweleza mwenzake jinsi msimamizi alivyomkatalia kapu, kisha wakicheka, kisha harufu ya vitunguu ikinijia. Mimi nilikula ugali na mboga ya majani, au ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu nilicholetewa nyumbani, nikiwa nimefungua kitabu cha mashine juu ya magoti. Kitabu kile hadi leo kina madoa ya maziwa.

Kule karakana kulikuwa na mambo mawili niliyoyakuta. La kwanza ni chai ya saa nne. Wanaume saba walikaa juu ya vyuma nyuma ya jengo, birika likachemka, na nilipofika tu ikaonekana kuwa kazi ya birika imepata mwenyewe. Hakuna aliyesema. Walinyoosha tu vikombe wakangoja. Juma la pili nilikuwa upande wa pili wa mabati nikitafuta spana, nikasikia mmoja wao akisema kwamba huyo dada hatafika mwezi wa tatu kwenye kompyuta, lakini si mbaya, atabaki kutupikia, na wenzake wakacheka kile kicheko cha tumbo lililoshiba. Sikutoka. Nilisimama pale nikihisi masikio yanawaka, nikajiapiza kwamba ndani ya ukuta ule sitagusa birika, jiko, wala kijiko. Kesho yake nilikuja na chupa yangu ya chai. Kwa mwaka mzima nilijimiminia mwenyewe na sikummiminia mtu, na kwetu sisi tuliolelewa kwamba mgeni hata adui humiminiwa chai, jambo hilo lilionekana kama wazimu.

La pili ni Mzee Owuor na sufuria yake. Alikuja zamani kutoka ziwani kufanya kazi ya ufundi kwenye mashamba makubwa ya chai, akazeekea huku, na wakati huo alikuwa na lethi ya mkono, mashine ya kukereza ya zamani ambayo ilisemekana ilitoka kwenye karakana ya reli kule Kipkelion. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufi hata juani, na alipima kwa kalipa kisha akahakikisha kwa kidole, akiingiza kidole cha shahada ndani ya tundu na kukizungusha huku amefumba macho. Kila alipopata kazi ya nailoni, ile plastiki nyeupe ngumu inayokuja kwa vipande virefu kama mihogo, aliikata vipande vifupi, akavitia kwenye sufuria, akavichemsha kwenye moto wa kuni nje ya mlango asubuhi hadi jioni, wakati mwingine siku mbili. Wenzake waliviita githeri ya Mzee, kana kwamba ni mahindi na maharagwe. Wapita njia walichungulia wakauliza inaivaje.

Mimi aliniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yake, tangu siku ya kwanza, na sikumpa sababu. Aliniambia mapema sana, nikiwa bado najifunza milango ya ile kompyuta, kwamba nailoni huchemshwa kwanza. Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri, akasema, "Inataka." Hakuwa mtu wa kueleza. Vidole vyake vilijua mambo ambayo ulimi wake haukuwahi kuyapitia. Nami kwa ujuaji wangu nikajijibu mwenyewe kwamba anailainisha kwa sababu ya visu vyake butu, na kwamba mimi na visu vyangu vipya hatuhitaji mapishi. Nikafunga faili hilo kichwani.

Miezi saba nilifanya kazi vizuri, na sitajinyima sifa hiyo. Nilikereza shafti za pampu, bushi za shaba, zile pete nene ambamo shafti huzunguka, nati za mashine za kusagia ambazo hazikuuzwa popote. Kipande cha kwanza na cha mia vilifanana hivi kwamba mteja mmoja kutoka Mulot alivipanga mezani kama dawa, akavihesabu, akavipanga tena kwa raha tu. Wanaume waliacha kucheka, wakaanza kuniletea michoro. Nilisikia mtu akisema nyuma ya mabati kwamba huyu dada si mchezo. Nilimpenda Bwana Kirui kwa kunipa nafasi, nikamdharau kidogo Mzee Owuor kwa kushinda siku nzima kwenye kitu ambacho mimi nilikimaliza kabla ya chai ya saa nne. Hilo la dharau ndilo linalonisumbua nikiandika haya.

Mwezi wangu wa nane pale, mvua zilikuwa nzuri na majani chai yalikuwa yakimwagika kwenye vituo kuliko viwanda vilivyoweza kuyameza. Kiwanda kimoja jirani kilituletea kazi ya haraka: bushi sitini za nailoni za roli zinazobeba mkanda wa kuchachishia chai. Ule ni mkanda mrefu unaotembea polepole ukiwa umejaa majani yaliyokwisha sagwa, na chini yake hupulizwa hewa yenye unyevu, hadi yanageuka rangi na kupata ladha. Ukisimama, chai iliyo juu yake inaharibika, na iliyo nyuma yake inapanga foleni hadi barabarani. Walizitaka ndani ya siku tatu. Bwana Kirui akagawa kazi: arobaini kwangu, ishirini kwa Mzee Owuor, ambaye alikuwa na vipande vilivyokwisha kuchemshwa juma lililotangulia.

Nilikuwa nimeshafunga kipande cha kwanza kwenye mashine Mzee alipotoka kwenye lethi yake, akavuka karakana yote na sufuria mkononi, akaiweka chini miguuni pangu. "Hizo zako chemsha kwanza, nyara," akasema. "Ata kama ni haraka." Watu wote waligeuka. Na mmoja wao, yule yule wa nyuma ya mabati, akauliza kwa sauti ya upole kama githeri itakuwa tayari saa ngapi ili aende kutafuta kikombe. Kicheko kilizunguka jengo zima.

Ningeweza kusema kwamba hatukuwa na muda, na ni kweli hatukuwa nao. Lakini haikuwa hiyo sababu. Nilijiona nimechuchumaa kando ya moto, mbele ya wanaume saba, nikikoroga sufuria, baada ya miezi saba ya kukataa hata kushika birika. Nikaisukuma ile sufuria kwa mguu. Ilikwaruza sakafu hadi ikagonga guu la benchi. Nikamwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mzee." Alinitazama, akainama taratibu akaiokota, akasema matumbo yake yako sawa, akarudi kwenye lethi yake. Mimi nikafunga mlango wa mashine nikabonyeza kitufe cha kijani.

Bushi zangu zilikuwa nzuri mno. Nilizipima zote arobaini, moja baada ya nyingine, na nikabakiza moja ya ziada juu ya rafu kwa ajili ya kujisifia. Ziliwekwa pamoja na ishirini za Mzee kwenye gunia moja, zikaenda, zikafungwa, na kwa siku tisa mkanda ulitembea. Siku ya kumi ulianza kulia. Siku ya kumi na moja, Ijumaa, ukasimama. Mafundi wa kiwanda walipofungua roli wakakuta shafti zimekabwa ndani ya bushi kana kwamba zimegandishwa kwa gundi, si zote, ila nyingi. Jioni hiyo hiyo malori yalisimama kwenye foleni, na kwenye vituo vya vijijini watu walirudishwa na majani yao. Nilipofika chumbani kwangu nilimsikia jirani yangu kupitia mbao akisimulia jinsi majani ya dada yake wa Kipkelion yalivyopata moto ndani ya gunia yakawa mekundu, yakamwagiwa ng'ombe, nao ng'ombe wakayakataa. Alikuwa akisimulia kama kichekesho. Mimi nilifunika ugali wangu nikazima taa.

Jumamosi bushi zilizokwama zilirudishwa, zimegongolewa kwa nyundo, zimepasuka, zimo ndani ya gunia. Bwana Kirui alizimwaga juu ya meza ya ofisi akatuita. Nilihitaji kutazama mara moja tu. Mashine yangu ilikuwa ikiacha ukingo mdogo ulioinamishwa mdomoni mwa kila bushi, safi, ambao lethi ya Mzee haikuweza kuuweka. Kila bushi mezani ilikuwa na ukingo ule. Hakukuwa na hata moja ya Mzee Owuor. Lakini Bwana Kirui hakuujua ukingo ule, na alikuwa ameshaamua. Alisema nyingine zimekaa na nyingine zimekwama, na mashine haikosei, kwa hiyo ni mkono wa Mzee, macho yameisha, wala si makosa yake, ni umri. Alisema kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Akamwambia akae nyumbani kwanza.

Mzee Owuor aliokota bushi moja, akaingiza kidole, akaizungusha, akanitazama. Nilikuwa na nafasi. Naikumbuka ilivyokuwa ndefu: saa ya ukutani iliyosimama, kalenda ya mwaka uliopita, chai ya Bwana Kirui inayofanya utando juu. Nilitazama viatu vyangu. Mzee akairudisha bushi mezani, akavaa kofia yake vizuri, akatoka. Sikusema kwa sababu nilikuwa nautaka mwaka wangu, umebaki miezi minne, na kwa sababu sikuelewa kosa langu liko wapi. Yote mawili ni kweli, na la kwanza lilikuwa na nguvu zaidi.

Alasiri ile niliipima ile bushi ya rafuni mara kumi. Ilikuwa sawa kabisa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Jumapili nilienda kanisani, sikusikia neno hata moja la mahubiri, nikatoka moja kwa moja hadi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ambako Mzee Owuor aliishi kwa kuwa mkewe, Mama Akinyi, alikuwa bado ameajiriwa pale. Nilikuwa na bushi yangu mkobani, pamoja na kikombe cha chuma, mfano wa mdomo wa roli, nilichokuwa nikiisindilia ndani kwa majaribio na kipande cha shafti chenye ukubwa ule ule wa roli.

Waliniketisha. Sebule ilikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, redio yenye kwaya, na harufu ya samaki iliyojaa hadi kwenye mapazia. Mzee hakuniuliza nimefuata nini. Kwao huulizwi hilo ukiwa na tumbo tupu. Mama Akinyi alileta ngege wa mchuzi na ugali wa mtama, na alipoona ninavyomzungukia yule samaki kama mtu anayetafuta mlango, alicheka akasema hawa watu wa kunywa maziwa, akanichambulia miiba kwa vidole vyake na kuniwekea minofu upande wangu. Alijua mume wake amerudishwa nyumbani. Sijui kama alijua ni kwa ajili yangu. Lilikuwa pishi tamu.

Baada ya kunawa, nikaweka vile vitu vitatu mezani. Nikasindilia bushi ndani ya kikombe, nikapitisha shafti, ikateleza vizuri. Nikasema, "Mzee, iko sawa. Nimepima mara kumi. Sijui kwa nini zimekwama."

"Ulijua jana ni zako?"

"Nilijua."

Akaguna. Akaagiza sufuria kutoka jikoni, maana alikuwa ameibeba kutoka karakana pamoja na kofia yake. Akatumbukiza kikombe cha chuma na bushi ndani yake, akaiweka juu ya jiko la mkaa pale uani, tukakaa. Saa tatu nzima tulikaa. Nilipotaka kusema aliniashiria ninyamaze. Mvua ya saa nane ikaja, tukalisogeza jiko chini ya paa. Alipoona inatosha akakitoa kikombe kwa kijiko, akakiacha kipoe, akanipa shafti. "Pitisha." Haikuingia. Nilisukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa uzito wangu wote, haikuingia hata ncha.

"Nailoni inakunywa," akasema, na hayo ndiyo maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. "Ikikunywa inanona. Inje imefungwa na chuma, haina mahali itaenda, inanona ndani. Pale chini ya mkanda ni maji tupu kwa hewa. Mimi naikunywesha ishibe kwanza, ndio nakata. Ikishashiba, imetulia. Hii masine yako inajua kupima, nyara. Haijui kungoja."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja jana. Akasema kama angesema yeye, Kirui angeona ni mzee anayeigombania kazi yake na kompyuta. Nikisema mimi, atasikia. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa amekasirika tangu siku ile ya mguu. "Usiposema kesho, nitaenda kusema mwenyewe. Lakini hapo tumeachana. Sitakuonyesha kitu tena."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Bwana Kirui kabla hajafungua ofisi. Fundi mkuu wa kiwanda alikuwa amekuja naye, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Nilipiga moyo konde nikaweka kikombe mezani, chenye maji maji bado, nikampa Bwana Kirui shafti nikamwomba aipitishe. Alijaribu, akampa mgeni, naye akajaribu. Kisha nikawaonyesha ule ukingo kwenye bushi zilizopasuka, moja moja, nikasema, "Zilizokwama ni zangu. Zote. Mzee aliniletea sufuria nichemshe, nikaisukuma na mguu. Za kwake hakuna iliyokwama."

Fundi mkuu aliangua kicheko kimoja kikavu cha mtu aliyechoka. Bwana Kirui hakucheka. Aliigeuza ile shafti mkononi kwa muda mrefu. Nilianza kufikiria chumba changu cha mbao, nani atakichukua, na ule ukurasa ukutani, kama nitaubandua au nitauacha.

"Nilikupa mwaka mmoja bila kutuaibisha," akasema. "Umetuaibisha mwezi wa nane."

"Ndiyo."

"Basi huo mwaka umekufa." Akaweka shafti chini. "Anza mwingine leo. Na uende umlete Mzee wewe mwenyewe, kwa miguu."

Nilienda kwa miguu. Nilimkuta Mzee Owuor akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nikamwambia nimesema, na anaitwa. Akasema vizuri, ngoja nimalize huu mstari. Alikuwa mwanzo wa mstari. Nilisimama pale kwenye matope huku kiwanda kizima kikingoja, naye akapalilia mche baada ya mche, akang'oa majani makavu, akaufikia mwisho, akaanza kusafisha jembe kwa kijiti. Nilingoja. Nadhani hilo ndilo alilokuwa akilipima.

Siku nne zilizofuata nilipika. Bushi arobaini zilihitaji sufuria tatu, na mbili tuliziazima kwa mama wa kibanda cha chapati. Nilikaa nje ya mlango wa karakana tangu asubuhi, nikaongeza maji, nikasogeza kuni, macho yakitoka machozi ya moshi, na wanaume saba walipita mbele yangu kila walipotaka. Wa nyuma ya mabati alisema tu kwamba Chela amerudi jikoni. Nikamjibu kwamba githeri hii ikiiva nitampakulia wa kwanza atafune. Iliniuma hata hivyo. Nilitaka kuinuka, na kila nilipotaka kuinuka nilimwona Mzee Owuor kupitia mlango, ameinamia lethi yake, hanitazami kabisa. Siku ya nne alikuja, akachovya kijiko, akatoa kipande, akakipima, akanipa. "Sasa kata," akasema. Nikaingia ndani nikawasha mashine. Zile bushi zilifungwa kiwandani Jumamosi, na nilienda mwenyewe kusikiliza. Mkanda ulitembea kimya, majani yakigeuka rangi juu yake taratibu, na hewa mle ndani ilikuwa nzito na tamu kiasi cha kuilamba. Baada ya siku kumi nilienda tena. Ulikuwa kimya bado.

Mwaka wangu wa pili niliumaliza, na mashine ikawa yangu kama nilivyoahidiwa. Mzee Owuor alifanya kazi kando yangu miaka mingine tisa. Hakuwahi kuigusa ile kompyuta, na hakuna kipande cha nailoni kilichotoka pale bila kupita kidoleni mwake. Kuhusu siku ile ya mguu nilimwomba msamaha mara nyingi, kwa njia za kuzungukazunguka, na kila mara alisema hakumbuki. Alikuwa anakumbuka. Kama hakukumbuka, sufuria isingekuja kwangu.

Ukifungua programu yoyote ya nailoni niliyoandika tangu mwaka ule, utakuta mstari wa kwanza umo ndani ya mabano: (CHEMSHA KWANZA. OWUOR.) Kilichomo ndani ya mabano mashine haikisomi. Inakiruka na kwenda kwenye kazi. Ule mstari ni wa mtu atakayesimama pale akiwa na haraka.

Jumatatu baada ya mazishi, mteja wa Mulot alipiga simu asubuhi. Trekta lake limelala shambani, anataka bushi zake za nailoni leo, na amesikia kwamba nina kompyuta mbili. Nikamwambia ninazo mbili, na atangoja hadi Jumatano. Alinung'unika, nikamwacha anung'unike. Kisha nikaifungua leso ya Akinyi, nikajaza maji, nikawasha kuni mwenyewe, nikavuta kigoda nikaketi kando ya moto, mbele ya mlango wa karakana yangu, mahali ambapo kila mtu apitaye barabarani angeniona.